Kisangani: Askari Anaporudi, Nyumba Ndiyo Inayolipa

Miji michache ya Kongo imeona askari wakija na kuondoka kama Kisangani. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji huo, wakati ukiitwa bado Stanleyville, na Novemba mwaka uleule makomando wa Ubelgiji walishushwa hapo kwa miamvuli kutoka ndege za Marekani. Mwaka 1966 na 1967 askari wa Katanga na mamluki waliasi humohumo. Machi 15, 1997 AFDL ya Laurent-Désiré Kabila iliingia, na Agosti 1998 likaja kundi la waasi la RCD likisaidiwa na Rwanda na Uganda. Kisha washirika hao wawili wakageuziana mitutu katikati ya mji mara tatu: Agosti 1999, Mei 2000 na Juni 2000. Kila vita ilipopita iliacha wanaume wenye bunduki ambao siku moja iliwabidi warudi kwa mama zao, wake zao na watoto wao. Vita vyenyewe vimeandikwa sana. Safari ya kurudi nyumbani haijaandikwa vya kutosha, ingawa ndiyo inayogusa nyumba nyingi zaidi.

Kwa nini mtu aliyenusurika risasi kwa miaka anashindwa na maisha ya nyumbani kwake? Mitaani watu husema jeshi limemharibu, au bangi, au pombe ya lotoko, au dawa aliyochanjwa porini. Wataalamu husema ni ugonjwa wa kiwewe. Kila jibu lina ukweli wake, lakini yote humtazama mwanamume peke yake, kana kwamba amerudi kwenye nyumba iliyokaa vilevile alivyoiacha. Hali ya Kisangani inaonyesha jambo zaidi: mipango ya kuwarudisha wapiganaji uraiani ilimwona mtu na bunduki yake, haikuiona nyumba iliyopaswa kumpokea. Gharama ya kosa hilo imebebwa na wanawake na watoto.

Baada ya makubaliano ya amani ya Sun City, serikali ya mpito iliunda Desemba 2003 tume iliyoitwa CONADER, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa taifa wa kusalimisha silaha, PNDDR, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Kisangani ilikuwa na nafasi ya mbele katika kazi hiyo. Ni hapo, mwanzoni mwa 2004, ambapo wakufunzi wa Ubelgiji waliandaa brigedi ya kwanza ya jeshi jipya, iliyochanganya watu waliokuwa wakipigana wao kwa wao. Mpiganaji alifika kituoni, akakabidhi silaha, akaandikwa jina, akapewa maelezo, halafu akaulizwa: jeshini au uraiani?

Aliyechagua uraia alipokea dola 110 za kuondokea, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, na ahadi ya kusaidiwa kuanza kazi: kilimo, uvuvi, ushonaji, ufugaji. Malipo ya kila mwezi yalipitia Celpay, mfumo wa kulipa kwa simu ambao wakati huo ulikuwa jambo jipya kabisa nchini. Watu wazima wapatao 100,000 walipitia njia hiyo kote Kongo, na watoto wapatao 30,000 walitolewa katika makundi ya silaha. Kwa hesabu za bunduki, hayo yalikuwa mafanikio. Lakini fedha zilichelewa, kazi zilizoahidiwa ziliwafikia baadhi tu, na CONADER yenyewe ilivunjwa ikiwa imelaumiwa kwa usimamizi mbaya.

Dola 110 zikifika nyumbani zinakuwaje? Familia imemngoja mtu kwa miaka mitano au saba. Mama yake amezika jamaa bila yeye kuwepo, ndugu zake wamelipia matanga, mke amekopa karo. Wakwe nao wanakumbuka mahari iliyobaki. Wote wanajua kwamba amelipwa, kwa kuwa mpango wenyewe ulitangazwa redioni. Katika wiki chache fedha zimekwisha, na sura zinabadilika. Mtu aliyekuwa akipewa njia na raia kwa kuonyesha tu mtutu sasa anaomba fedha ya sabuni kwa mke wake.

Wengi walikimbilia toleka. Vita vilipomaliza magari na mafuta yakawa adimu, baiskeli ya kubeba abiria ndiyo iliyoibeba Kisangani. Nyuma ya tandiko, juu ya chuma cha mizigo, hufungwa mto wa sifongo uliovikwa kitambaa cha rangi. Abiria hukaa hapo, mara nyingi na kikapu cha samaki au bidoni la mafuta ya mawese mapajani, na dereva hukanyaga kutoka Makiso hadi Mangobo, au hadi daraja la mto Tshopo, jua likiwa kali. Asiye na baiskeli yake alimtengea mwenye mali fungu lake kabla ya kufikiria sahani ya nyumbani. Kazi ilikuwa halali na ilimweka mtu mbali na bunduki, lakini chakula cha siku kilitegemea abiria wa siku. Baadaye pikipiki za Asia zikaja na kunyakua abiria, na mwenye baiskeli akarudi nyuma tena.

Umaskini huo una upande wa aibu, na aibu ndiyo inayoingia chumbani. Utafiti uliofanywa Goma mwaka 2012 na shirika la Promundo pamoja na Sonke Gender Justice ya Afrika Kusini uliwauliza wanaume na wanawake, raia na askari, kuhusu maisha ya nyumbani. Robo tatu ya wanaume walisema wanaona haya kuzikabili familia zao kwa kuwa hawawezi kuwapatia mahitaji ya lazima. Karibu nusu ya wanaume walioulizwa walikiri kuwahi kuwapiga wake zao. Goma si Kisangani, lakini vita ni vilevile, jeshi ni lilelile, na kauli ya mwanamume asiyeleta kitu nyumbani inafanana kila mahali mashariki mwa Kongo: afadhali asionekane kabisa. Huchelewa kurudi, hunywa, na akirudi neno dogo linatosha kuwasha ugomvi.

Wakati mwanamume alipokuwa mbali, mke hakukaa akingoja. Alilima mihogo ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, akauza sombe na kwanga, akanunua samaki kwa wavuvi Wawagenia kwenye maporomoko na kuwapeleka sokoni, akaingia likilimba, chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, na wenzake ili kulipa shule. Aliamua nani asome, nani aozwe, ardhi ipi iuzwe. Kwa lugha yoyote ya kawaida, alikuwa mkuu wa nyumba. Sheria, hata hivyo, ilisema vingine. Kanuni ya familia ya 1987 ilimweka mume kuwa mkuu wa nyumba, na ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa shughuli nyingi za kisheria. Sharti hilo la ruhusa liliondolewa Julai 2016 tu. Mpiganaji aliyerudi mwaka 2005 alirudi, basi, akiwa na sheria mkononi dhidi ya uzoefu wa mke wake.

Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mume anataka fedha za soko zipitie kwake. Anawaamuru watoto kwa sauti ya kambini, na mtoto wa miaka sita ambaye hajawahi kumwona hukimbilia kwa bibi. Wakati mwingine habari zinafika kwamba kuna mwanamke mwingine kule alikopigana, na watoto wawili huko. Wazee wa pande zote wanaitwa, wanakaa, wanasema na kupatanisha, na mara nyingi wanafaulu kuzuia talaka. Kile wasichokuwa nacho ni namna ya kushughulikia yanayotokea usiku.

Usiku mtu huota, hupiga kelele, huruka kitandani akitafuta silaha ambayo haipo. Wake wa askari hujifunza haraka kutomgusa mume aliyelala: humwita kwa jina wakiwa mlangoni, mara mbili, mara tatu, mpaka ajue yuko wapi. Mchana mtu huyohuyo hawezi kukaa kwenye msongamano, hashikamani na kazi, hukasirika ghafla, au hukaa kimya siku nzima. Madaktari wa Marekani waliupa ugonjwa huo wa kiwewe nafasi rasmi katika orodha yao mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Mashariki mwa Kongo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani waliofanya kazi na wapiganaji wa zamani waliongeza jambo ambalo familia zilikuwa zikilijua bila kuthubutu kulisema: kwa baadhi yao, hasa walioanza wakiwa watoto, kupigana kulikuwa kumegeuka kitu cha kutamanika. Mtu anaweza kusumbuliwa na hofu ya yaliyompata na wakati huohuo akakumbuka kwa hamu aliyoyatenda. Tiba inayogusa hofu peke yake inaiacha hamu ikiwa hai.

Watafiti hao walijaribu tiba ya kusimulia. Mpiganaji huyaeleza maisha yake yote kwa mpangilio, tangu utoto, akipitia alichofanyiwa na alichofanya, mbele ya mshauri aliyefundishwa ambaye anaweza kuwa mtu wa kawaida wa hapohapo. Matokeo waliyochapisha mwaka 2013 kutoka mashariki mwa Kongo yalionyesha dalili za kiwewe zikipungua, na jaribio la baadaye likapata nafuu kwa wanawake waliowahi kuwa askari watoto. Haya si matibabu ya anasa. Hayahitaji hospitali kubwa wala mashine. Yanahitaji watu waliofundishwa, muda na siri.

Lakini Kisangani ina ugumu wake, na mpango wa nje hauwezi kuushika bila kuujua mji. Kwingine askari huondoka kwenda vitani na kurudi kwenye amani. Kisangani vita vilikuja hadi nyumbani. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalirushiana makombora zaidi ya 6,000 juu ya mitaa ya watu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, wapatao 1,700 waliojeruhiwa, na makumi ya maelfu waliokimbilia misituni. Miaka miwili baadaye, Mei 14, 2002, kikundi cha askari kilijaribu kuasi dhidi ya RCD-Goma, tawi la RCD lililoushika mji. Kulipiza kisasi kulikofuata kuliua raia, polisi na askari wengi, hasa Mangobo na kwenye daraja la Tshopo, ambako miili ilitupwa mtoni.

Kwa hiyo mume akisema, "Wewe hujui vita," anakosea. Mke alilala sakafuni siku sita na watoto chini ya kitanda. Mtoto wake mkubwa anaweza kuwa na kipande cha chuma mguuni. Nyumba nzima ina majeraha, na kila mmoja anadhani la kwake ndilo kubwa. Na kama mwanamume huyo alivaa sare ya RCD, basi jirani aliyempoteza ndugu mwaka 2002 hamwoni kama mhanga wa kitu chochote. Mke wake husalimiwa kwa ubaridi kisimani. Watoto wake hukumbushwa shuleni baba yao alikuwa nani.

Dieudo Hamadi, mtengeneza filamu mzaliwa wa Kisangani, ameyaonyesha majeraha hayo kwa kamera kuliko mwandishi yeyote. Katika filamu yake ya 2017 kuhusu Kanali Honorine Munyole, afisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kulinda wanawake na watoto, wajane na waliobakwa katika vita vya 2000 wanajitokeza wakidai wasikilizwe baada ya miaka zaidi ya 15. Filamu yake ya 2020 inawafuata walemavu wa vita hivyo wakishuka mto Kongo kwa boti hadi Kinshasa kudai fidia. Februari 9, 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, kati ya hizo milioni 225 kwa ajili ya madhara kwa watu. Mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, una makao yake Kisangani, na malalamiko kuhusu ucheleweshaji na usimamizi wake ni sehemu ya mazungumzo ya kila siku mjini.

Hapo linakuja pingamizi la haki kabisa: kwa nini kumtunza aliyebeba bunduki wakati aliyepigwa bunduki bado anangoja? Jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, mhanga atangulie; fidia isiyofika ni dhuluma ya pili. Pili, nyumba ya mpiganaji aliyerudi imejaa wahanga pia. Anapopigwa mke wa askari Mangobo, anayepigwa ni mwanamke aliyenusurika makombora ya 2000. Kumsaidia mume aache kupiga si zawadi kwa mume, na hakufuti kesi yake polisi.

Wanawake walioishi ndani ya makundi ya silaha waliangukia pengo jingine. Katika PNDDR kigezo cha kuandikwa kilikuwa silaha, na mwanamke aliyechukuliwa kuwa mke wa mpiganaji, aliyepika, kubeba mizigo, kuzaa na wakati mwingine kupigana, mara nyingi hakuwa na silaha ya kukabidhi. Akarudi kwao kimyakimya, na mtoto mgongoni. Mwaka 2017 shirika la Child Soldiers International lilichapisha mahojiano na wasichana waliotoka katika makundi hayo mashariki mwa Kongo. Walichokisema kilifanana: kilichowaumiza zaidi baada ya kurudi ni kutengwa na majirani na jamaa, na walichokitaka zaidi ni shule, na watu wazima wa kuzungumza na familia zao ili wapokelewe. Mahakama ya Jinai ya Kimataifa, iliyompata Thomas Lubanga na hatia Machi 2012 kwa kuwatumia watoto vitani Ituri, nayo iliamuru fidia ya pamoja kwa askari watoto hao. Kwa maneno mengine, mahakama ilikubali kwamba kadogo, yaani askari mtoto, anayerudi nyumbani anabeba madhara yasiyokwisha siku ya kuvua sare.

Je, kuna mahali ambapo nyumba imewekwa mbele? Kaskazini mwa Uganda, Waacholi waliwapokea waliotoka kwa waasi wa LRA kwa desturi ya kukanyaga yai langoni kabla ya kuingia. Ukoo mzima unashuhudia kwamba huyu amerudi na ni wetu. Desturi hiyo haiponyi ndoto za usiku, lakini inawafunga jamaa kwa ahadi ya hadharani. Mashariki mwa Kongo, tangu 2012, vikundi vya Living Peace vimewakalisha wanaume pamoja, wakiwemo askari na polisi, kwa vikao vya kila wiki vya miezi kadhaa, na wake zao wakishirikishwa. Mwanamume huombwa aeleze mbele ya wenzake alichomfanyia mke wake na kilichomfikisha hapo.

Mazuri hayo yasitiwe chumvi. Jaribio kubwa la vikundi vya wanaume lililoendeshwa na shirika la IRC Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, lililochapishwa 2020, liligundua kwamba wanaume walibadili mitazamo, walisaidia zaidi kazi za nyumbani, na wake zao waliona uhusiano ukiwa bora, lakini idadi ya wanawake waliosema wamepigwa haikushuka kwa kiwango kinachoweza kuthibitishwa. Mazungumzo peke yake hayatoshi. Yanahitaji tiba kwa wenye kiwewe, riziki kwa wasio na kazi, na sheria kwa wanaoendelea kupiga.

Na kinyume cha kuiweka nyumba mbele pia kimeonekana. Katika kambi ya Kotakoli, kaskazini-magharibi mwa nchi, wapiganaji waliosalimisha silaha walipelekwa pamoja na wake na watoto kungoja mpango ulioahidiwa. Human Rights Watch iliripoti Oktoba 2014 kwamba zaidi ya watu 100 walikufa huko kwa njaa na magonjwa, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Familia ilikuwa imehesabiwa safari hiyo, lakini kama mzigo wa kusafirishwa.

Upande wa walio bado jeshini si mwepesi zaidi. Sheria ya Januari 2013 kuhusu hadhi ya mwanajeshi inataja haki zake, ikiwemo kustaafu, lakini kwa miaka mingi wazee wamebaki na sare kwa kuwa pensheni inayotosha kuishi haikuonekana. Katika kambi ya Ketele, katikati ya Kisangani, wake na watoto huendesha maisha kwa biashara ndogo huku baba akiwa mstari wa mbele. Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kuongeza maradufu mishahara ya askari na polisi. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo mshahara hauwezi kumwambia mke afanye nini mume atakaporudi kutoka mapigano hayo akiwa mtu mwingine.

Mpango wa sasa, P-DDRCS, uliundwa Julai 2021, na umesema wazi kwamba kazi ifanyike ndani ya jamii badala ya kambi. Mwelekeo ni sahihi. Tatizo ni kwamba jamii katika nyaraka ni kijiji, barabara, soko na kamati ya amani. Mlango wa nyumba haufikiwi. Kisangani ina kile ambacho miji mingi haina: chuo kikuu chenye kitivo cha saikolojia na elimu tangu miaka ya 1970, makanisa na misikiti yenye washauri wanaoaminika, wazee wa mitaa wanaojua nani amerudi na lini, na kitengo cha polisi cha kulinda wanawake na watoto.

Mambo manne yanawezekana bila kungoja amani kamili. Mke au mzazi atakayempokea mpiganaji aitwe kituoni kabla ya siku ya kuondoka, aelezwe stahili za fedha na dalili za kiwewe, na aulizwe kwa faragha kama yuko tayari kumpokea. Sehemu ya malipo iandikwe kwa jina la huyo anayempokea. Wahitimu wa saikolojia wa Kisangani wafundishwe tiba ya kusimulia na waajiriwe kutembelea nyumba kwa angalau mwaka mmoja, wakiwahudumia watoto na wake pamoja na mpiganaji. Wanawake waliotoka katika makundi waandikwe kwa yale waliyopitia, silaha isiwe tena sharti. Serikali na wafadhili walipata fedha za kununua amani ya barabarani; wapate sasa fedha za hayo manne, na waanzie mkoa wa Tshopo, kabla orodha inayofuata ya watakaorudi haijafunguliwa.